Tende za Basra, Sukari ya Robo: Historia ya Manunuzi Mbwera

Hapa Muscat nikimwambia mtu kwamba nilizaliwa Mbwera, kwanza huniuliza ni upande gani wa Unguja. Nikishamweleza kuwa ni Rufiji, deltani, kwenye mikoko na mitumbwi, hunitazama kwa huruma: "Sasa vitu mlikuwa mkinunua wapi?" Nimeulizwa hivyo na Waomani, na Wazanzibari waliokulia Mji Mkongwe, hata na Watanzania wenzangu wa Mwanza na Mbeya ambao tunakutana usiku baada ya Isha ndani ya supamaketi, kila mmoja na toroli lake. Wote wanaamini kwamba mtu wa kule matopeni alianza kuziona bidhaa za dunia siku aliposhuka kwenye ndege. Marehemu bibi yangu, ambaye hakupata kuiona Dar es Salaam mpaka alipokuwa na wajukuu, alilelewa kwa tende za Basra.

Huruma hiyo ndiyo iliyonifanya nikae na kuandika. Watu huhesabu maendeleo ya manunuzi kama ngazi: chini kabisa kuna kijiji kisicho na kitu, juu yake duka dogo, juu yake soko, na kileleni supamaketi yenye viyoyozi. Historia ya Mbwera haipandi hivyo. Kuna wakati tulikuwa na mengi, tukawa na machache, tukakosa kabisa, tukapata tena. Ngazi gani hiyo?

Kwa asiyepajua, delta ya Rufiji ina mikoko inayokadiriwa kufika hekta 53,000, na hakuna msitu wa mikoko mkubwa kuliko huo Afrika Mashariki. Mbwera iko upande wa kusini, siku hizi katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji. Unafika kwa boti kutoka Nyamisati, au kwa barabara ya Muhoro msimu ukikubali. Ndani ya delta kwenyewe barabara ni maji, na maji yana ratiba yake. Wakati wa bamvua mashua kubwa huingia mpaka vijito vya ndani. Wakati wa maji mafu hata mtumbwi hukwama. Kwa hiyo mtu wa Mbwera hakuwa akisema atakwenda dukani saa kumi. Alikwenda maji yakijaa, akarudi kabla hayajapwa, na aliyepiga soga dukani mpaka maji yakamkimbia alilala huko huko. Wapo waliofanya makusudi, lakini hiyo ni habari nyingine.

Mwanzo wa mambo haya uko mbali. Kuna kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza baada ya Kristo, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinachowaelekeza mabaharia bandari za pwani yetu na bidhaa zinazofaa kila bandari. Bandari ya mwisho kusini iliitwa Rhapta. Humo, kitabu kinasema, wafanyabiashara wa Muza, huko Yemen, walipeleka mikuki waliyoifua wenyewe, vishoka, visu na vitu vya kioo. Wakaondoka na pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Walichukua pia divai na ngano, ila hizo hazikuwa za kuuza. Zilikuwa za kuwafurahisha wenyeji ili wawapende. Nikisoma hapo huwa nacheka, maana hiyo ni nyongeza, ile ile ambayo muuza nyanya wa Kibiti anakutupia juu ya fungu ili kesho umrudie yeye badala ya jirani yake.

Rhapta ilikuwa wapi? Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba eneo la Kibiti na delta miaka ya 1990, akapata shanga za kioo za zama za Warumi, na tangu hapo amekuwa akitetea kwamba Rhapta ilikuwa maeneo haya ya mdomo wa Rufiji. Wapo wataalamu wanaopinga. Mimi ni mtu wa Mbwera, msomaji anajua nitakuwa upande gani.

Lakini biashara niliyoisikia kutoka vinywani mwa walioifanya ni ya boriti. Nchi za Ghuba ni jangwa, hazina miti ya kuezekea nyumba ya mawe, na minazi na mitende haibebi dari nzito miaka mingi kama mkoko unavyobeba. Kwa karne nyingi majahazi kutoka Oman, Kuwait na Bahrain yalishuka na upepo wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, yakapakia boriti, yakarudi na kusi. Upana wa vyumba vya nyumba za zamani za kule ulifuata urefu wa boriti za huku: chumba hakizidi kiasi cha mita tatu kwa sababu mti haufiki zaidi ya hapo bila kupinda. Kuna nyumba nyingi za zamani hapa Oman ambazo ukiinua macho darini unaona miti iliyonyooka, imekuwa myeusi kwa moshi na miaka. Kila nikiziona huwa namtafuta babu yangu mle.

Babu alikuwa mkata boriti. Kila msimu alikwenda Salale, kaskazini mwa delta, ambako ndiko kulikuwa na ofisi ya msitu na ambako majahazi makubwa yalitia nanga. Walikata mkoko, msinzi na mkandaa, kila mti kwa kipimo chake: fito, pau, boriti, nguzo. Walihesabu kwa korja, yaani ishirini ishirini. Mtu alilala ndani ya mtumbwi au kwenye kichanja, maji yakiingia na kutoka chini yake, mbu juu yake. Wajerumani walikuwa wameufanya msitu huo kuwa hifadhi ya serikali tangu 1898, mwaka ule ule kodi ya nyumba ya rupia 3 ilipoanza kutozwa. Mambo hayo mawili yalishikana: kodi ilidai fedha taslimu, na fedha taslimu deltani ilikuwa imesimama ndani ya mikoko, imewekewa kibali. Magome nayo yalivunwa, yakapelekwa Ulaya kulainishia ngozi. (Wageni wakisikia Wajerumani na Rufiji huuliza habari za Königsberg, meli ya vita iliyojificha humu mwishoni mwa 1914 mpaka ikazamishwa tarehe 11 Julai 1915. Ina vitabu vyake vya kutosha. Mimi nazungumzia sukari na chumvi.)

Mwaka 1939 mwandishi Mwaustralia, Alan Villiers, alifika Salale ndani ya jahazi la Kuwait la nahodha Ali al-Nejdi lililokuja kupakia boriti. Aliandika kitabu kuhusu safari hiyo, na katika sehemu zote alizopita sidhani kama kuna aliyoichukia kuliko delta yetu: joto, matope, mvua, mbu. Simlaumu. Ila msimu ambao kwake ulikuwa mateso, kwa nyumba yetu ulikuwa ndio wakati wa shibe. Villiers mwenyewe ameeleza jambo ambalo bibi alikuwa akilisimulia kwa upande wa pili: kila baharia, hata kijana wa mwisho kabisa, alikuwa na kisanduku chake cha bidhaa za kuuza njiani kwa faida yake. Jahazi moja lilikuwa na maduka mengi kama lilivyokuwa na watu.

Wanawake wa delta walikwenda kwa mitumbwi mpaka ubavuni mwa jahazi. Tende zilikuja zimeshindiliwa ndani ya makanda ya ukindu, zimegandamana hadi unazikata kwa kisu. Kulikuwa na chumvi, papa mkavu wa Arabuni ambaye harufu yake ilitangulia jahazi lenyewe, halua ya Muscat, mazulia, vyombo vya shaba kwa mwenye uwezo. Wenyewe walipeleka mchele, kuku, mayai, nazi, mikeka. Bibi alisema fedha ilionekana kwa nadra katika mabadilishano hayo. Kuku wawili ni kiasi fulani cha tende, na kiasi hicho kilipanda na kushuka kulingana na baharia alivyochoka kula wali na samaki. Ndiyo maana nasema bibi alikula tende za Basra: majahazi ya Kuwait yalianza safari yao kwa kupakia tende mto wa Shatt al-Arab, ndipo yakaja kwetu.

Kilichoiua biashara hiyo kilitoka ardhini kwa wanunuzi. Kuwait ilianza kusafirisha mafuta nje mwaka 1946, Oman mwaka 1967. Penye mafuta pana saruji na nondo, na penye nondo boriti ya nini? Upande wetu nao serikali ilianza kubana ukataji, na mwaka 1991 ukaja mpango wa kitaifa wa kusimamia mikoko. Nilipokuwa mtoto, miaka ya 1970, jahazi la Arabuni lilikuwa limeshakuwa hadithi ya wazee. Duka lililokuwa likija lenyewe kwa upepo, mara moja kwa mwaka, likawa halipo tena.

Tulibaki na duka la nchi kavu. Kwa mahitaji makubwa watu walikwenda Muhoro, mji wa tangu enzi za Wajerumani, wenye maduka ya Wahindi. Mbwera tulikuwa na Mshihiri mmoja, Mwarabu wa Hadhramaut, na duka la udongo lililoezekwa makuti, mbao za kaunta zimeng'aa kwa viwiko vya watu. Nilitumwa kwake tangu sijafikia urefu wa kaunta hiyo. Chumvi ya senti, mafuta ya taa chupa moja, sukari robo ndani ya karatasi iliyokunjwa pembe. Bibi hakuzungumza kilo. Alihesabu kwa kibaba, kisaga na pishi: vibaba viwili kisaga, vibaba vinne pishi. Kibaba cha nyumbani kwetu kilikuwa kopo ambalo yeye mwenyewe alilipima mbele ya Mshihiri ili siku nyingine pasiwe na ubishi.

Na kulikuwa na daftari. Mshihiri aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mstari kwa kila nyumba, kuanzia mpunga wa mwaka jana unapokwisha ghalani, mwezi wa pili au wa tatu, hadi mavuno ya mwezi wa sita na wa saba. Katika miezi hiyo watu walikaa madunguni wakifukuza nguruwe na ndege, mkononi hawana kitu, na daftari ndilo lililowalisha. Mavuno yakitoka, mashua ya Mshihiri ilizunguka vijito ikikusanya magunia.

Sipendi kulipamba jambo hili. Mpunga aliouchukua mwezi wa saba kwa bei ya chini, ndio aliotuuzia mwezi wa tatu kwa bei ya juu, na mara nyingine bibi aliapa kwamba anaijua punje ya shamba lake. "Tunakopeshwa jasho letu," alikuwa akisema, kisha ananituma tena kwa Mshihiri huyo huyo. Naye Mshihiri alikuwa na daftari lake kwa tajiri wa Muhoro, tajiri wa Muhoro kwa mwenye ghala wa Dar es Salaam au Zanzibar, na zamani zaidi mnyororo huo ulifika hadi Bombay.

Cha ajabu ni kwamba sheria haikuwa nyuma ya daftari. Waingereza walitunga mwaka 1931 sheria ya kuzuia mikopo kwa Waafrika: mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika bila idhini ya maandishi ya serikali hakuweza kumdai mahakamani. Ilisemwa ni kuwalinda wenyeji wasizame kwenye madeni. Kwa duka la deltani maana yake ilikuwa kwamba kila mstari wa daftari ulisimama kwa neno la mtu tu. Mshihiri angempeleka nani kwa nani? Alichokuwa nacho ni kwamba mwakani mwezi wa pili utarudi, na wewe utarudi. Nimekaa nchi za benki na kadi na alama za mkopo, na bado sijaona mkopo uliodumu kwa msingi mwembamba kama huo.

Februari 1976 ilikuja Operesheni Maduka. Serikali iliamua kwamba maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, nafasi yao ichukuliwe na maduka ya kijiji na ya ushirika. Nilikuwa darasa la pili. Mshihiri alifunga, akaondoka na familia yake kwa mashua, na watu waliokuwa wakimlaani kwa bei zake walikwenda kumuaga ufukoni. Duka la kijiji lilifunguliwa katika jengo lile lile. Lilikuwa na mizani mpya, katibu, na kwa muda mfupi lilikuwa na bidhaa. Bei zake zilikuwa nzuri kweli. Tatizo ni kwamba bei nzuri ya sukari isiyokuwepo haikorogi chai.

Mzigo wa Rufiji ulitoka katika ghala la kampuni ya biashara ya mkoa, RTC, ukafika Utete, makao makuu ya wilaya, ukasubiri. Kisha Muhoro, ukasubiri gari. Kisha mtoni, ukasubiri bamvua. Kila uliposubiri ulipungua. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 hata kinachopungua kikawa hakipo. Sukari iligawiwa kwa kadi, kiasi kwa kichwa. Sabuni ilikuwa kama zawadi ya harusi. Tulifua kwa majani ya mpapai na majivu. Chumvi watu walirudia kuchemsha maji ya bahari kama wazee wao. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, habari zilitufikia Mbwera na watu wenye katoni mbili za sabuni wakazizika mchangani, kana kwamba kuna askari angevuka maji yote yale kwa ajili ya katoni mbili.

Lakini lazima niseme na lingine, maana watu wa mjini wanapenda kudhani kwamba uhaba ulikuwa mmoja kwa wote. Dar es Salaam walipanga foleni ya unga wa njano, ule walioubatiza unga wa Yanga. Sisi tulikuwa na mchele, samaki, nazi, uduvi. Tulikosa vya dukani, hatukukosa vya kula. Walanguzi walikuja kwa mashua za usiku kununua mchele wetu, wakilipa kwa vitenge na betri za redio. Ndiyo miaka pekee ambayo nimeona mtu wa Dar es Salaam akiihusudu Mbwera.

Bajeti ya Juni 1984, iliyosomwa na Cleopa Msuya, iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na mlango uliofungwa 1976 ukawa umefunguliwa. Maduka ya watu yalirudi taratibu, safari hii ya wenyeji wenyewe. Fedha ilitoka kwa kambamti: wanunuzi walikuja na boti zenye barafu, wakalipa papo hapo, na kwa mara ya kwanza delta ikawa na noti miezi ambayo si ya mavuno. Kati ya 1997 na 1998 kulikuwa na mpango wa kampuni moja kujenga mabwawa makubwa ya kufuga kamba ndani ya delta. Watu wengi wakaupinga mpaka mahakamani, na haukujengwa. Siwezi kuieleza kesi hiyo yote hapa.

Nilihamia Muscat baada ya ndoa. Mume wangu ni wa familia iliyorudi Oman kutoka Zanzibar baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Mji huu umejaa watu wanaoongea Kiswahili kizuri kuliko changu na ambao hawajawahi kuona mpunga shambani.

Mgeni kutoka nyumbani utamtambua supamaketi kwa midomo yake inayocheza. Anapiga hesabu. Riali moja ni zaidi ya shilingi elfu sita, kwa hiyo kila bei anaizidisha, anashtuka, anairudisha nyanya mahali pake. Hali hiyo huchukua miezi kadhaa. Halafu huja hali ya pili, ambayo kwa maoni yangu ni mbaya zaidi: anaacha kuzidisha na kuanza kujaza. Mshahara ukiingia toroli linafurika, kuku wa Brazil waliogandishwa, viazi vya Misri, vitunguu vya India, mapakiti ambayo yatakaa kabatini mpaka tarehe zake zipite. Kule nyumbani tulinunua kidogo kwa sababu kesho duka lipo, na kwa sababu kikikaa panya na unyevu watakimaliza. Wenzangu huita tabia ile umaskini. Mimi naona ghala lilikuwa kwa mwenye duka, nasi tulikwenda kuchukua cha siku hiyo. Sasa kila nyumba imekuwa ghala, na mwenye nyumba ndiye anayepata hasara ya vinavyooza.

Samaki ndiyo mtihani. Watu wa pwani hatununui samaki aliyefungwa kwenye plastiki, basi. Alfajiri utatukuta soko la samaki la Mutrah tukifunua matamvua, tukibishana bei ya nguru na jodari, sauti zimepanda kidogo kuliko inavyohitajika. Nazi zinatoka Salalah, kusini, ambako minazi inaota kama pwani yetu. Zikikosekana tunatumia tui la unga la Maggi, na mama mkwe wangu hujifanya hajui tofauti. Mchele ni basmati. Mwezi wa Julai 2023 India ilipozuia kusafirisha nje mchele mweupe usio basmati, watu walikimbilia madukani kuchukua magunia, na nilimsikia kijana wa Kitanzania akilalamika kwamba huko ndiko kuishi kwa kutegemea wengine. Nilimuuliza kwao wanakula mchele wa wapi. Akasema wa dukani.

Kilichonituliza katika mji huu si supamaketi, ni bakala. Kila mtaa una moja, kaduka kadogo ambako mara nyingi muuzaji ni Mmalabari kutoka Kerala. Maji, mkate, maziwa, vocha, kibiriti. Ukipiga simu anakuletea mpaka mlangoni. Na chini ya kaunta ana daftari. Wafanyakazi wa ujenzi, madereva, akina dada wa kazi za nyumbani, hata wenye nyumba wenyewe, wote wana mstari wao humo mpaka mwisho wa mwezi. Mara ya kwanza alipoandika jina langu nilimtazama mwandiko wake wa Kimalayalam usiosomeka kwangu, kama usivyosomeka kwangu ule wa Mshihiri. Hakuniomba kitambulisho. Aliuliza nakaa nyumba ipi.

Kwa hiyo wanaponiambia nimetoka kwenye daftari nimefika kwenye toroli, nawaambia si kweli. Toroli ni jipya pande zote mbili; Carrefour ilifunguliwa Muscat mwaka 2001, juzi tu. Daftari ndilo la zamani pande zote mbili, na linaandikwa na watu wale wale wa ng'ambo ya bahari hii hii, Washihiri na Wahindi, waliokuwa wakitukopesha sisi kule wakati majahazi yakileta boriti huku.

Mimi mwenyewe nina madaftari mawili. La pili liko Mbwera, kwa kijana mwenye duka karibu na nyumba ya mama. Mama huchukua sukari, sabuni, sembe, mafuta ya kupima, kijana anaandika, mwisho wa mwezi ananitumia picha ya ukurasa, nami namtumia fedha kwa simu na ya kutolea juu yake. Nanunua Mbwera kila siku bila kufika. Watu wengi wa delta walio Dar es Salaam, Mafia na Arabuni hufanya hivi hivi, na naamini maduka mengi ya kwetu yangefunga kama tungeacha.

Bei za ukurasa huo zinanieleza mambo ambayo redio haisemi. Aprili 2024 mafuriko yalipoifunika Muhoro, sukari ilipanda kabla sijapigiwa simu na mtu yeyote. Mwezi uliofuata Kimbunga Hidaya kilikata barabara ya kusini pale Somanga, na mistari ikapungua: mama hakuchukua sembe kwa sababu haikuwepo. Hata daraja la Mbuchi, la barabara yetu ya Muhoro, lilipojengwa, nililisoma kwanza kwenye bei ya unga.

Ndiyo sababu nina ombi kwa watu wa delta, wa Mbwera, Mbuchi, Kiongoroni, Maparoni, Msala na Salale. Madaftari ya maduka ya zamani bado yapo. Mengine yako darini kwa wajukuu wa wenye maduka, Muhoro, Dar es Salaam, pengine Hadhramaut na Gujarat. Mengine ni ya duka la kijiji la 1976, yako kwenye kabati la ofisi ya mtendaji yakiliwa na mchwa. Humo mna bei ya mpunga ya kila mwaka, nani alikula nini mwezi wa njaa, na deni gani lililipwa na lipi lilisamehewa. Msiyafungie vitumbua. Yapigeni picha kurasa zote, halafu yapelekeni kwa mwalimu wa historia wa shule ya sekondari iliyo karibu au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu msiyaogope. Wazee wanaozisoma bado wako hai, lakini ni wachache.